Nani Mshirika, Nani Mshiriki? Juu ya Istilahi za Shahada za Pamoja na Mafunzo ya Uzamivu

Karatasi ya mwanafunzi wa uzamivu anayekwenda kufanya utafiti katika wilaya ya Serengeti au ya Tarime hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwananchi aliyekusudiwa. Huombewa kibali katika Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ikiwa inahusu afya ya watu hupelekwa pia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ikiwa inahusu wanyamapori, kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Kutoka huko hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa mjini Musoma, kisha Mugumu au Tarime, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Huyu wa mwisho ndiye anayebeba mzigo wote wa lugha. Hana budi kueleza kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata, jambo lililobuniwa kwa Kiingereza katika vyuo viwili au vitatu vya nchi mbalimbali, likafasiriwa na mtu ambaye pengine hakupata kufika Mara.

Makala haya yanahusu maneno anayopewa mtendaji huyo. Hatukusudii kuhukumu utafiti wenyewe, ambao manufaa yake tutayataja. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi za mafunzo haya, kama zinavyotumika sasa katika barua, mikataba na fomu, zimetolewa karibu zote katika mzizi mmoja, yaani ule wa neno shiriki. Na kwamba mzizi huo, kwa kubebeshwa kila kitu, umeficha tofauti ambazo mwananchi alikuwa na haki ya kuziona. Tuna ushirikiano, ushirika, mshirika, mshiriki, kishiriki na shirikishi. Mtu asiyekuwa mzoefu wa ofisi akisomewa karatasi moja yenye maneno matano kati ya hayo atatoka akijua jambo moja tu, kwamba kuna watu wengi na wote wamo.

Kwanza yafaa tukumbushane kwamba shahada yenye mikono miwili si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Na mwaka 1970 ndipo kilipoanza kujitegemea. Wakati huo huo Serengeti ilikuwa imekwisha kuwa darasa la dunia. Taasisi ya utafiti ilianzishwa huko mwaka 1966, na miongoni mwa vijana waliofanyia kazi zao za udaktari katika mbuga zile ni Anthony Sinclair, aliyekulia Tanzania na kusoma Oxford, ambaye alichunguza nyati. Kazi za wakati ule ndizo zilizoeleza kwa nini nyumbu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kiasi cha robo milioni, walizidi milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha: sotoka ya ng'ombe ilikuwa imedhibitiwa kwa chanjo, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Lakini tuangalie neno. Nyati walikuwa wa Serengeti, shahada ikawa ya Oxford. Hakuna aliyehitaji istilahi ya pamoja, kwa kuwa pamoja hapakuwapo.

Siku hizi mambo yamebadilika, angalau katika karatasi. Mradi wa AfricanBioServices, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, uliongozwa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway na kuunganisha vyuo vya Groningen na Glasgow na taasisi za Tanzania na Kenya, na ndani yake walifunzwa wanafunzi wa uzamivu kutoka pande zote mbili. Norway ilikuwa na mipango mingine ya namna hiyo kabla, na Sweden kwa miaka mingi imewasomesha Watanzania shahada za juu nusu huku nusu kule. Arusha kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo wanafunzi wake wengi husimamiwa na walimu wa nchi mbili. Vyuo vyetu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu iliyoanza kazi mwaka 2005, sasa huandikiana mikataba na vyuo vya nje. Mikataba hutaka maneno.

Neno la kwanza ni lenyewe shahada. Tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni ushuhuda. Ndugu zake ni shahidi na ushahidi. Anayetoa shahada anashuhudia kwamba fulani amesoma, akafuzu. Tukishika maana hiyo, tofauti inayowasumbua watafsiri wengi hujifafanua yenyewe. Kuna mpango ambao vyuo viwili vinatia sahihi katika cheti kimoja: hapo mashahidi ni wawili na ushuhuda ni mmoja. Na kuna mpango ambao kazi ni moja, tasnifu ni moja, lakini kila chuo kinatoa cheti chake: hapo mashahidi ni wawili, na kila mmoja anasema kwa kinywa chake. Mambo haya mawili si sawa kisheria. Katika mpango wa kwanza chuo kimoja kikijitoa, ushuhuda wote unatetereka. Katika wa pili, cheti cha chuo kilichobaki kinasimama. Mwajiri serikalini anayeletewa vyeti viwili vya uzamivu vya mwaka mmoja naye anahitaji kujua kama mbele yake kuna mtu aliyefanya kazi mbili au aliyefanya moja.

Hata hivyo katika nyaraka nyingi mipango yote miwili huitwa shahada ya pamoja. Tunaonelea kwamba jina hilo libaki kwa mpango wa cheti kimoja tu, kwa kuwa hapo ndipo penye upamoja wa kweli, na kwamba ule wa vyeti viwili uitwe shahada pacha. Pacha ni wawili, wana mama mmoja, na kila mmoja ana jina lake. Hakuna mtu kijijini atakayehitaji kamusi. Wako waliopendekeza shahada shirikishi. Hatuwezi kuliunga mkono neno hilo. Shirikishi limekwisha kuajiriwa kwa kazi nyingine, yaani njia za kazi ambamo wananchi wanahusishwa, kama uibuaji shirikishi wa miradi. Tena chuo kikuu kishiriki, kama kile cha Elimu cha Dar es Salaam, ni chuo kilicho sehemu ya chuo kikubwa zaidi. Shahada shirikishi ingedhaniwa kuwa ama shahada ya chuo kidogo, ama shahada iliyopigiwa kura na wanakijiji.

Juu ya uzamivu na uzamifu hatutakaa sana. Sisi twaandika uzamivu, kwa sababu kitenzi ni zamia, na vitenzi vya namna hiyo huelekea kwenye -vu: vumilia ikazaa uvumilivu, tulia ikazaa utulivu, sikia ikazaa usikivu. Mwangalifu anatupinga, lakini huyo ni mmoja. Picha yenyewe ni nzuri, ya mtu anayepiga mbizi kutafuta lulu. Ila mwalimu asishangae wanafunzi wake wakicheka, kwa maana kwa vijana wetu mzamiaji ni yule anayejificha ndani ya meli ili afike Ulaya bila nauli, na mwanafunzi wa uzamivu naye huonekana akienda Ulaya.

Lenye madhara zaidi ni udaktari. Baadhi ya barua bado humtambulisha mtafiti kijijini kuwa ni mwanafunzi wa udaktari. Katika wilaya ya Serengeti, ambako utafiti mashuhuri kuliko yote kwa wanakijiji ni ule wa kichaa cha mbwa, neno hilo halifai hata kidogo. Mtu aliyeng'atwa na mbwa asubuhi akisikia kwamba mwanafunzi wa udaktari amefikia kwa mtendaji atamwendea yeye na jeraha lake, wakati ambapo kila saa inayopita bila kuoshwa kidonda na kupewa chanjo hospitalini ni saa ya hatari, kwani ugonjwa huo dalili zake zikishatokea hauna tiba. Hapa istilahi inaweza kumuua mtu. Aandikwe mtafiti, mwanafunzi wa uzamivu, na ikiwezekana iongezwe kwamba si tabibu.

Tuyataje kwa haraka maneno mawili ya chuoni kabla hatujashuka kijijini. Msimamizi ni neno linalotumika kwa mwalimu anayeongoza tasnifu, lakini ni hilo hilo la mtu anayelinda chumba cha mtihani na la mtu anayewahesabu vibarua. Kifaransa kina cotutelle, neno lililotoka katika sheria ya malezi ya watoto, na Kiswahili kilikuwa na mwalimu mlezi tangu zamani. Ulezi wa pamoja lingekuwa jina jema kwa mwanafunzi mwenye walimu wawili wa nchi mbili, na lingewakumbusha wote wawili kazi yao. La pili ni sandwichi, linaloandikwa hivyo hivyo kwa mafunzo ya kuanza nyumbani, kwenda nje, kurudi kukusanya data, na kwenda tena. Chakula hiki wengi wa wasomaji wa barua hizo hawakili. Mafunzo ya zamu yanatosha.

Sasa tufike penye uzito. Katika mkataba wa vyuo, mshirika ni chuo kilichotia sahihi. Katika fomu anayosomewa mwananchi, mshiriki ni mwananchi mwenyewe, anayeulizwa maswali au kutolewa damu. Kati ya maneno haya kuna irabu moja tu ya tofauti, na hali wanayoitaja imeachana kama mbingu na ardhi. Mshirika ana haki zilizoandikwa: jina lake litakuwa katika cheti, walimu wake watatajwa katika makala, fedha zimegawanywa kwa jedwali. Mshiriki ana haki ya kukataa, na shukrani.

Mtu akijibu kwamba hilo ni suala la kisarufi tu, na tuangalie mkazi wa Mara analisikiaje. Kwa wakulima wa huko ushirika ni chama cha ushirika, kile kilichonunua pamba. Mwanachama alikuwa na hisa na kitabu, na alijua siku ya malipo hata kama malipo yalichelewa. Kwa Wamenoni, ambao misheni yao ya kwanza ilianzia Shirati mwaka 1934, na kwa waumini wa makanisa mengine, washirika ni wale wanaokubaliwa mezani pa Bwana. Mahali pote pawili mshirika ni mtu wa ndani, anayegawiwa. Kisha huja karatasi inayomwambia kwamba anaombwa kushiriki katika ushirikiano wa vyuo washirika. Akiuliza fungu lake ni lipi hatakuwa na tamaa wala ujinga. Atakuwa ameifahamu lugha yake vizuri kuliko mwandishi wa fomu. (Kwamba mzizi huo huo umetuzalia pia ushirikina ni jambo tunaloliacha kwa wenye elimu ya dini.)

Hali ni ngumu zaidi karatasi ikitumia mbia. Neno hili limeanza kuonekana katika nyaraka za vyuo, na mahali pengine huenda lisidhuru. Tarime linadhuru. Huko kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, na tangu mapatano ya mwaka 2019 kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyozaa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, ubia ni neno linalokwenda na asilimia. Ukisema Nyamongo kwamba chuo fulani ni mbia wa utafiti, utaulizwa asilimia ngapi, na ya nani. Mbia na abaki kwenye biashara.

Je, mwananchi aitweje? Mtoa habari ni tafsiri sisisi, tena ya hatari. Mahali palipojua wizi wa mifugo wa kuvuka mpaka, pakajua ulinzi wa mgodi na msako wa polisi, mtoa habari ni mtu anayepeleka maneno kwa wakubwa usiku, na jirani zake wakilisikia jina hilo katika karatasi yake hawatauliza zaidi. Mhojiwa naye yuko kituoni tayari. Msailiwa ni neno safi, ila wa kulielewa ni wachache. Tunapendekeza mjibu maswali pale ambapo kazi ni maswali, mtoa sampuli pale ambapo kazi ni damu au choo, na kwa jumla mtafitiwa. Tunajua kwamba mtafitiwa halipendezi masikioni mwa wale wanaotaka kila mtu aonekane mshiriki. Tunalipenda kwa sababu hiyo. Kauli ya kutendwa inasema kweli juu ya nani anatenda na nani anatendwa, na mtu akikuta hali hiyo haimridhishi, na abadili mpango wa utafiti kwanza, ndipo abadili neno.

Fomu ya ridhaa ina makosa yake mengine. Ridhaa, idhini na kibali huchanganywa kana kwamba ni neno moja lenye mavazi matatu. Kibali ni karatasi ya mamlaka. Idhini ni ruhusa ya mwenye madaraka. Ridhaa ni ya moyo wa mtu mwenyewe. Mtendaji wa kijiji anaweza kutoa idhini, hawezi kutoa ridhaa ya mtu. Tofauti hii ina maana ya pekee kwa Wakurya, ambao wana baraza la hadhara liitwalo iritongo, na kikao cha faragha cha wazee kiitwacho inchama. Jambo lililokubaliwa mbele ya watu wote ni zito kwa mtu mmoja kulikataa baadaye nyumbani kwake. Fomu isiyotenganisha idhini ya mkutano na ridhaa ya mtu humfanya mtu huyo aamini kwamba amekwisha kuridhia kwa kuwa wengine wameidhinisha.

Kisha kuna sentensi iliyozoeleka mno, kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu. Tumewasomea sentensi hiyo watu wasiokuwa watumishi wa ofisi, na neno adhabu ndilo walilolikamata. Mtu anayeambiwa hataadhibiwa huanza kufikiri ni kosa gani alilokaribia kulifanya. Kujitoa nako kuna pande mbili: kuna kujitoa katika chama, na kuna kujitoa kwa hali na mali, yaani kujitolea kabisa, hata kujitoa mhanga. Msikilizaji anaweza kudhani anahimizwa kutoa zaidi wakati wowote apendapo. Iandikwe: unaweza kuacha siku yoyote, hutaulizwa sababu, na huduma unayopata zahanati haitapungua. Ni ndefu zaidi, ni Kiswahili.

Tulisema tungeyataja manufaa. Utafiti juu ya kichaa cha mbwa uliochapishwa mwaka 2009 ukiongozwa na Katie Hampson ulitokana na kuwafuatilia, mmoja mmoja, mbwa waliong'ata na watu waliong'atwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na uliitia nguvu hoja kwamba kuchanja mbwa wa kutosha, kiasi cha saba katika kumi, kunaweza kuuzuia ugonjwa. Wanakijiji ndio waliokumbuka ni mbwa wa nani, siku gani, alielekea wapi. Bila kumbukumbu zao hapangekuwa na hesabu yoyote ya kupiga. Kabla ya hapo, mwaka 1994, maradhi ya mbwa yalipoua kiasi cha simba elfu moja wa Serengeti, ndipo ilipobainika wazi kwamba afya ya mbwa wa kijijini na ya simba wa mbugani zimefungamana. Hii ni elimu kubwa, na sehemu kubwa yake imo katika tasnifu na majarida ya Kiingereza.

Hapa tunalisifu neno moja, mrejesho. Limejengwa vizuri, linaeleweka kutoka Sirari hadi Mugumu, na linadai kitu: kilichochukuliwa kirejeshwe. Tangu mwaka 2009, maji ya mgodi yalipovujia mto Tigithe karibu na Nyamongo, wakazi wa huko wamewaona watu wakichota maji na udongo katika chupa na kuondoka. Wanayajua maneno sampuli na maabara kuliko walimu wengi wa sayansi. Wanachouliza ni matokeo. Lakini katika mikataba ya shahada za pamoja mrejesho hutumiwa kwa maana nyingine kabisa, yaani maoni ya mlezi juu ya rasimu ya mwanafunzi, na hivyo kipengele chenye kichwa Mrejesho kinaweza kusomwa chote bila kijiji kutajwa. Maoni ya mlezi na yaitwe maoni au masahihisho. Mrejesho uachiwe wenye chupa zao.

Na kwa kuwa mkataba wa namna hii hutaja lugha ya tasnifu, ambayo karibu kila mara ni Kiingereza, tungependa watafsiri walio katika ofisi za vyuo wakiletewa rasimu wapendekeze kifungu kimoja zaidi: kwamba tasnifu iliyokusanyiwa data katika vijiji vya Tanzania iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa chache, nakala yake ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, na malipo ya kuifasiri yawekwe katika bajeti ya mradi tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha somo la Kiswahili kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, kwa hiyo wa kuifanya kazi hiyo wapo. Kazi ya kuitoa ikisiri hiyo katika Kiswahili na kuitia katika Kikurya au Kingoreme bado itabaki kwa mtendaji, ambaye hakuajiriwa kuwa mkalimani na halipwi kwa ukalimani. Tungefurahi kupata kutoka kwa wasomaji wetu wa Mara orodha ya maneno ambayo watendaji huyatumia kwa ridhaa, sampuli na matokeo katika lugha za huko, ili toleo lijalo lianze na hayo.